Gunia rahisi, trei ghali: unachobadilisha hasa unapobadilisha chakula cha kuku

Kwa mfugaji wa kuku wa Dodoma, Februari ni mwezi mrefu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba na kuishia Aprili, na shamba halina cha kuvuna mpaka Mei. Wakati huo akiba ya mwaka uliopita imefika chini, mahindi ya soko la Kibaigwa yamepanda, na kila mwenye banda anauliza swali lile lile: niweke nini badala yake?

Niliuliza na mimi. Nilikuwa na kuku mia moja wa mayai kule Nzuguni. Walikula kilo 11 na nusu kwa siku na kutaga mayai 75, yaani trei mbili na nusu. Kilo ya chakula ilinigharimu shilingi 1,000. Nikatoa mahindi yote, nikaingiza mtama mwekundu niliopata kwa bei nzuri, na kilo ikashuka mpaka shilingi 900. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Ya pili mayai yakawa 70, ya tatu 64, ya nne yakatulia kwenye 60, na kuku wanakula vile vile. Nilipokaa na daftari nikapiga hesabu kwa trei badala ya kwa kilo, ndipo nikaelewa. Zamani trei moja ilitokana na chakula cha shilingi 4,600. Sasa ilitokana na chakula cha shilingi 5,175. Nilikuwa nimeokoa mia moja kwenye kilo na kupoteza karibu mia sita kwenye trei.

Katika kila shilingi kumi zinazotumika kufuga kuku, sita mpaka saba huenda kwenye chakula. Kwa hiyo ni sawa kabisa kutafuta nafuu hapo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mahitaji ya mayai na nyama ya kuku yamekua, na wafugaji wapya wanaingia kila siku. Wengi wanapewa orodha ndefu ya vyakula mbadala: mtama, uwele, mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), azola, funza, mlonge, majani ya mti wa lukina. Orodha yenyewe ina ukweli. Tatizo ni neno "mbadala", kwa sababu linatufanya tufikiri kwamba gunia linachukua nafasi ya gunia.

Mahindi hayawekwi kwenye chakula cha kuku kwa kuwa ni mahindi. Yanawekwa kwa kuwa yanaleta nishati nyingi, karibu kilokalori 3,350 kwa kilo, yanameng'enywa kwa urahisi, na yale ya njano yanaleta pia rangi ya kiini cha yai. Protini yake ni ndogo, asilimia 8 au 9 tu. Ukiyatoa, umetoa vitu hivyo vyote kwa mpigo, na kila kimoja kinahitaji mtu wa kukifidia. Ukisoma jedwali la virutubisho utaona mtama una kilokalori 3,200 na kitu, na protini karibu asilimia 10. Kwenye karatasi mtama haujapitwa na mahindi kwa lolote la maana. Basi kuku wangu walipungukiwa nini?

Jibu nililipata kijijini Mvumi, kwa bibi mmoja anayelima mtama wa aina mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamuuliza kwa nini anahangaika na mwekundu wakati wanunuzi wanataka mweupe.

"Mweupe ninao, ule pale karibu na nyumba, watoto wanauamia. Huu mwekundu uko mbali. Nani atakwenda kuamia ndege huko kutwa nzima? Huu ndege wenyewe wanaukimbia."

Aliyekuwa anamsema ni kweleakwelea, yule ndege mdogo anayeshuka kwa makundi na kuacha masuke matupu. Mtama ule anaukimbia kwa sababu ya tanini. Ukitaka kujua tanini ni nini, kumbuka unavyokunja uso ukitafuna ndizi mbichi au ukinywa chai ya rangi iliyokolea mno: ulimi unakauka, unakakamaa. Ndio ukakasi. Ulimi unakauka kwa sababu tanini inazishika protini za mate na kuzigandisha. Tumboni mwa kuku inafanya kazi ile ile. Inashika protini ya chakula, inashika na vimeng'enya vilivyokuja kukimeng'enya, na vyote vinatoka pamoja kwenye kinyesi. Kuku amekula asilimia 10 ya protini kwa mujibu wa karatasi, lakini mwili wake haukuipata. Kinachomfukuza kweleakwelea shambani ndicho kilichonipunguzia mayai bandani.

Ila usihukumu mtama kwa rangi ya nje. Chukua punje, ikwangue ngozi taratibu kwa wembe. Ukikuta chini ya ngozi kuna tabaka la kahawia iliyokolea kabla hujafika kwenye unga mweupe, hiyo ndiyo yenye tanini. Ukitoka kwenye ngozi nyekundu ukaingia moja kwa moja kwenye weupe, basi mtama huo ni mwekundu wa nguo tu, mpe kuku bila hofu. Mimi sasa nakwangua punje kumi kutoka kila gunia kabla sijalipa. Maabara hutumia maji ya kung'arishia nguo yaliyotiwa kostiki soda: punje zenye tanini hugeuka nyeusi, zisizo nayo hubaki nyeupe. Kostiki inachoma ngozi, kwa hiyo kazi hiyo waachie wanaoijua.

Mtama mweupe wa aina kama Macia na Tegemeo hauna shida hii, na kwa kuku wa mayai unaweza kuchukua nafasi ya mahindi yote. Ule wenye tanini usiwape vifaranga kabisa, maana unaweza kuwapinda na miguu. Kwa wakubwa nisingeupitisha sehemu moja ya tano ya chakula chote. Unaweza kuupunguza makali kwa kuuloweka usiku kucha kwenye maji ya majivu, kisha kuusuuza na kuuanika. Kuuotesha kuwa kimea nako kunasaidia, lakini chipukizi la mtama linabeba sumu ya sianidi, kwa hiyo mizizi na machipukizi yapukutishwe yote baada ya kukauka. Kwa mfugaji wa kuku mia tano kazi hiyo haina faida. Kwa mama mwenye kuku ishirini wa kienyeji, inafaa.

Uwele ni bora zaidi, na nasikitika kwamba unasemwa kidogo. Unastahimili ukame kuliko mahindi, protini yake hufika asilimia 11 mpaka 13, na mafuta yake ni mengi kidogo kuliko ya mahindi. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayotaka uangalizi: uwele ukishasagwa haukai. Baada ya siku chache unga unakuwa mchungu na kuku wanauchambua pembeni. Saga wa wiki moja, usizidishe.

Rangi ya kiini ni jambo dogo kwa lishe ya mlaji, lakini ni kubwa sokoni. Mtama na uwele hazina ile rangi ya njano, kwa hiyo kiini kinakuwa hafifu na mteja anadhani yai ni bovu. Hapo ndipo majani yanapopata kazi yake ya kweli. Mlonge uliokaushwa kivulini, au lukina, ukiwekwa kwa asilimia 3 mpaka 5, unarudisha njano. Watu wanapenda kuusifu mlonge kwa protini, na ni kweli majani makavu yanafika asilimia 25 na zaidi, lakini hakuna mtu atakayeanika majani ya kutosha kulisha banda. Lukina nayo ina sumu yake, mimosini, kwa hiyo isipite hapo kwenye asilimia 5.

Pumba ni za kuzisema haraka. Za mahindi ni nzuri kwa kujaza, ila nishati yake ni ya chini, na chakula kilichojaa pumba kinamshibisha kuku kabla hajapata anachohitaji. Za mpunga, ambazo tunazipata Bahi, ziko mbili na watu wanazichanganya. Kuna ile laini inayotoka punje ikisuguliwa, yenye mafuta na protini nzuri, ambayo huvunda upesi. Na kuna makapi ya nje, ambayo ni matandiko ya banda. Mashine nyingi za vijijini zinatoa vyote kwenye mdomo mmoja. Ingiza mkono kwenye gunia usugue: ikikwaruza, acha.

Sasa tuje kwenye mashudu ya alizeti, kwa sababu hapa ndipo Dodoma na Singida tulipojaliwa, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Alizeti ni yetu, mashine za kukamua ziko kila njia panda, na mashudu yanapatikana. Mfugaji anaambiwa mashudu yana protini asilimia 25, soya ina 44 mpaka 48, basi weka mashudu mara mbili ya soya, umemaliza. Haimalizi.

Protini ni kama ukuta wa matofali ya aina nyingi. Matofali hayo yanaitwa asidi amino, na kuku anahitaji kila aina kwa kiasi chake. Ikipungua aina moja, ukuta unasimama hapo hapo hata kama matofali mengine yamejaa uwanja. Inayopungua kwenye alizeti na kwenye nafaka zote ni laisini. Alizeti inajitahidi kwenye methionini, tofali la aina nyingine, kuliko hata soya ukilinganisha protini kwa protini, lakini laisini yake ni kidogo. Ukichanganya mtama na mashudu peke yake unakuwa umechanganya mnyonge na mnyonge. Protini inasomeka asilimia 16 kwenye karatasi, kuku hatagi inavyostahili, na ile iliyozidi bila kutumika inageuka harufu kali ya amonia bandani.

Tupige hesabu, kwa bei za mfano tu. Tuseme kilo ya mashudu ni shilingi 600 na kilo ya dagaa ni shilingi 2,400. Mashudu yana gramu 250 za protini, kwa hiyo gramu moja ni shilingi 2.40. Dagaa safi wana gramu 550 hivi, gramu moja shilingi 4.40. Mashudu ni rahisi kwa mbali. Sasa uliza bei ya laisini. Kilo ya mashudu ina gramu 9 hivi za laisini, sawa na shilingi 67 kwa gramu. Kilo ya dagaa ina gramu 40 hivi, sawa na shilingi 60. Kile tulichoona ni ghali mara nne kwa kilo ndicho rahisi kwa kitu ambacho kuku wetu anakikosa. Ndiyo maana kuondoa dagaa wote "ili kubana matumizi" kunaumiza kiasi kile.

Lakini ongeza mchanga. Dagaa walioanikwa chini na kufagiliwa huja na mchanga, na wengine huongezewa. Kwenye kilo moja ukiwa na mchanga wa gramu 150, laisini imeshuka mpaka gramu 34 na bei yake imepanda mpaka shilingi 71. Mashudu yameshinda. Nimewahi kuuziwa gunia la dagaa ambalo robo yake ilikuwa ardhi ya ziwani, na aliyeniuzia hakuonekana tena. Tangu hapo nabeba glasi ya maji: nasaga dagaa kiganja kimoja, natia, nakoroga, nasubiri. Nyama ya dagaa huchelewa kutulia, mchanga unakwenda chini mara moja na unauona. Onja na chumvi. Dagaa wa chumvi nyingi wanafanya kuku wanywe maji kupita kiasi na kuharisha, matandiko yanalowa, na mfugaji anakimbilia dawa za kuhara wakati tatizo liko kwenye gunia.

Soya ukiipata usiitumie mbichi. Ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe, na moto ndio unaokiondoa. Ikaange mpaka inukie na ganda lianze kujiachia, isiungue. Mashudu ya pamba kutoka Kanda ya Ziwa yana kemikali iitwayo gosipoli, ambayo hufanya kiini kigeuke kijani au kahawia yai likikaa. Siyapendekezi kwa kuku wa mayai. Damu ya machinjioni ina protini zaidi ya asilimia 80 na laisini kwa wingi, lakini kuku hawaipendi, na baadhi ya asidi amino nyingine ni kidogo mno; asilimia 2 au 3, iliyochemshwa na kukaushwa vizuri, inatosha.

Kwa anayetaka kuona mchanganyiko mzima, huu ndio nilioufikia kwa kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga: mtama mweupe kilo 62, mashudu ya alizeti 18, dagaa safi 10, chokaa ya mifugo 8, mifupa iliyochomwa na kusagwa kilo 1.3, premiksi (poda ya vitamini na madini) gramu 250, chumvi gramu 250, laisini gramu 100 na methionini gramu 100. Protini inakuja asilimia 16 na kidogo, kalsiamu 3.7, nishati kilokalori 2,650 hivi. Nishati hiyo iko chini kidogo ya 2,700 mpaka 2,800 inayotakiwa, na kuku anaifidia kwa kula zaidi kidogo. Mashudu yako yakiwa na maganda mengi, itashuka zaidi. Kwa hiyo usiichukue kama Msahafu. Pima mashudu yako kwa macho: yakiwa meusi na ya kukwaruza, yamejaa maganda na protini yake iko karibu na 20, yakiwa ya kijivu na yamelainika, ni bora. Mashudu ya mashine zetu ndogo huwa bado na mafuta, na hilo ni zuri kwa nishati, ila yanavunda yakikaa miezi.

Mifupa ya buchani usiisage mbichi. Na tafadhali sana, chokaa. Mwaka jana jirani alinunua chokaa ya kupaka nyumba akaitia kwenye chakula, maana ilikuwa nyeupe kama ile nyingine. Chokaa ya nyumba imechomwa, inaunguza. Ya kuku ni jiwe la chokaa lililosagwa tu, lenye kalsiamu karibu asilimia 38. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na kuku hunyonya karibu nusu tu ya anachokula, kwa hiyo anahitaji gramu 4 kwa siku. Ganda hujengwa zaidi usiku, na ndiyo sababu chokaa yenye chembe kubwa kidogo, inayokaa kwenye firigisi mpaka usiku wa manane, inafanya kazi kuliko vumbi. Lakini kiwango hicho ni cha anayetaga peke yake. Kifaranga na kuku anayekua wanahitaji asilimia 1 tu. Ukiwapa chakula cha wakubwa figo zao zinaharibika.

Azola inavuma sana kwenye makundi ya simu. Ni mmea wa majini, na wanaoutangaza husema una protini asilimia 25. Ni kweli, ukiukausha. Mbichi ni maji kwa asilimia 93 hivi. Kilo moja mbichi ikikauka inabaki gramu 70 au pungufu, na humo protini ni gramu 15 au 17, sawa na mashudu yanayojaa kiganja kimoja. Kwa ajili ya hicho kiganja unatunza bwawa kwenye mji ambao jua linavukiza maji mengi kuliko mvua inavyoleta. Kama una maji ya kisima yasiyo na kazi, sawa. Kama unanunua maji kwa dumu, mashudu ni rahisi.

Funza wa nzi weusi (black soldier fly) wana hoja nzito zaidi. Wakikaushwa wana protini karibu asilimia 40, na laisini imo. Wanakula mabaki ya sokoni, nyanya zilizooza, maganda, vitu ambavyo kwenye masoko ya Majengo na Sabasaba vinatupwa kila jioni, na kwa wiki mbili wanakuwa tayari. Shida yao Dodoma ni ukavu wa hewa na baridi ya Juni na Julai: makontena yawe kivulini, yamwagiliwe, yafunikwe. Hesabu ile ile ya maji inawahusu, maana funza mbichi ni maji zaidi ya nusu. Pamoja na hayo, kama ningekuwa kijana natafuta kazi mjini hapa, ningeanzia kwao.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye jedwali lolote la virutubisho na ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na wapatao 20 walifariki. Sumu hiyo hutolewa na kuvu kwenye mahindi, karanga na mbegu za mafuta zikikumbwa na ukame shambani au unyevu ghalani. Na dunia iliijua kwa mara ya kwanza kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Sisi tuna tabia ya kuchambua mahindi, mazima tukala, yaliyoota ukungu tukayapeleka kwa kuku. Kuku hafi siku hiyo. Ini linachakaa, mayai yanapungua, na kinga inashuka kiasi kwamba chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, haishiki vizuri. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuimalizi. Kuna udongo wa bentonaiti unaouzwa kama kikamata sumu, nao unaikamata sehemu yake tumboni, si yote.

Kinga ni kukausha mpaka unyevu ufike asilimia 13, na huhitaji mashine kukisia. Kausha chumvi kidogo juani au kwenye kikaango mpaka imwagike kama mchanga. Itie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na nafaka, tikisa vizuri, kisha iache dakika 10 au 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka imezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika, iko chini ya hapo; izidishie jua kidogo kufikia ile 13, kisha weka ghalani.

Zimebaki zile poda za dukani. Premiksi ni lazima kwa kuku wa ndani, kwa sababu hafukui, haoni jua la kutosha, na nafaka hazina vitamini A wala D anazohitaji. Faitezi ni kimeng'enya cha maana pia: theluthi mbili ya fosforasi iliyo kwenye nafaka na mashudu imefungwa, kuku hawezi kuifungua mwenyewe, na faitezi inaifungua, ukapunguza mifupa. Wakati wa joto la Oktoba na Novemba, wakati kuku wanahema midomo wazi na kula kidogo, maji yenye chumvichumvi za madini na vitamini C yanawasaidia, na kulisha alfajiri na jioni kunasaidia zaidi.

Lakini ile poda inayouzwa kama "ya kutagisha", isome nyuma. Mara nyingi ni vitamini zilizochanganywa na antibiotiki kama oksitetrasaiklini. Mayai yakiongezeka baada ya kuwapa, ama kuku walikuwa wagonjwa na hukujua, ama walikosa vitamini. Ukiwapa kila wiki, mabaki yanaingia kwenye yai analokula mtoto wako, na vijidudu vinajifunza kuizoea dawa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006. Kuhusu kitunguu saumu, shubiri na mwarobaini, majaribio yana majibu yanayopingana, na mwarobaini mwingi unawafanya kuku wasile kwa uchungu wake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia kideri. Chanjo tu, na kwa ile ya matone ya jicho inayotumika vijijini, kila baada ya miezi mitatu au minne.

Ukiamua kubadilisha, badilisha kwa siku kumi, ukiongeza kidogo kidogo, na pima chakula asubuhi na hesabu mayai jioni kwenye daftari moja. Wiki mbili za kwanza zinadanganya, kwa sababu kuku huchota akiba ya mwili wake kabla hajapunguza mayai. Amua baada ya wiki nne, kwa trei.

Mimi mahindi ya Februari sinunui tena. Juni, masuke yakishapurwa, narudi Mvumi kwa bibi na wembe wangu na chupa ya chumvi. Mwaka huu alinipimia magunia sita ya mweupe, nikayaweka kwenye mifuko ya tabaka mbili za plastiki isiyopitisha hewa, juu ya vichaga, mbali na ukuta. Akanipa na debe moja la mwekundu bila malipo, nikalisambaza kidogo kidogo kwenye chakula cha Agosti nzima, na mayai hayakushuka.